Mjomba wa Chuma

Karibuni. Shikeni ukuta, ngazi zina utelezi.
Tiketi elfu moja, mwanafunzi mia tatu,
na aliyevuka kutoka Kitunda na noti iliyolowa
nampokea hivyohivyo.

Hii ndiyo mashine. Kibao kinasema:
meno ya gia kubwa tisini na sita,
ilipandisha matishali kutoka majini hadi karakana,
ikaachwa mwaka wa mafuriko.
Kibao hakisemi kwamba iliitwa Mjomba.
Kwetu mtu akikwama haendi kwa baba,
baba ni mgeni aliyekuja kuoa.
Anakwenda kwa mjomba,
mjomba anakohoa, anakunja mikono ya shati,
anamnyanyua.

Basi tazameni: vitanda viwili vya chuma, mnyororo mmoja.
Kimoja kikipanda na tishali kifuani
kingine kinashuka na mawe,
na mawe ndiyo yaliyofanya kazi.
Injini ilikuwa ya kuitikia tu,
kama anayesema "enhe" mwenzake akisimulia.
Mmeiona mizani ya chama cha msingi, msimu wa korosho?
Ni ileile, ila hii haikumwibia mtu kilo.

Nasema hivyo kila siku, watu wazima hucheka.
Watoto wa Ng'apa leo hawakucheka.
Kwao korosho imeshauzwa kangomba, ingali ua.

Baba yangu, Nampunju, alikuwa mpaka grisi.
Hakupandisha kitu, hakushusha kitu.
Alizunguka na kopo, akiyalisha meno moja moja,
akiyahesabu kwa Kimwera mpaka vidole viishe,
kisha kwa Kiswahili.
Na vidole viliisha kweli:
cha pili cha mkono wa kushoto
kilibaki kwenye jino la sabini na mbili,
siku kamba ya tishali la mkonge ilipokatika.
Mwenye karakana alimpa shuka na shilingi ishirini.
Tulikula wali siku tatu.
Nilikuwa mdogo, nikaomba Mungu akikate na kingine.

Walipokwenda kumshusha, kule Mtanda,
nilibaki uani na wanawake, napeta mchele.
Kila kinachoshuka, alinifundisha, kinapandisha kitu.
Nikatega sikio upande wa pili.
Jogoo. Pikipiki.
Mtu anaomba chumvi.

Mwaka juzi walikuja wataalamu na brashi za nywele laini.
Wakamkwangua Mjomba kutu, wakampaka kijani
kama geti la zahanati,
wakaziba hata matundu ya kutilia mafuta.
Wakasema: sasa amehifadhiwa.
Mimi wakanipa fulana yenye picha yake,
daftari la wageni, kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Leo mtoto mmoja, Chilumba, kaptula kaifunga kwa kamba,
ameuliza: "Shangazi Somoe, kama hakipandi wala hakishuki,
mbona mnyororo umekaza?"

Nimefungua mdomo. Hilo kibaoni halimo.
Umekaza kwa sababu mawe bado yamo.
Hakuna aliyekumbuka kuyatoa.
Kitanda cha juu kinangoja tishali lipande nacho kishuke,
cha chini kimelala kwenye matope ya mikoko, kitupu,
na katikati yao breki moja,
breki ya kiganja cha mtu,
imeshika tangu sijavunja ungo.

Nimemwambia agonge. Akagonga kwa ukucha.
Mnyororo ukalia, sauti nyembamba,
darasa zima likanyamaza
hata mwalimu wao, aliyekuwa kwenye simu.

Jumatatu huwa tunafunga.
Nakuja na kopo la Kimbo na kisu cha kumenyea muhogo,
nakwangua kijani kwenye jino la sabini na mbili,
hilo tu,
natia mafuta, nafuta kwa ile fulana.
Ijumaa rangi imeshapakwa tena, sijui na nani,
wala hatujawahi kuulizana.

Msije mkanitaja.
Haya, inamisheni vichwa, mlango mfupi.
Tunapita huku.